Stima Ikipotea: Ni Kazi Gani Humaliza Chaji ya Kipakatalishi Haraka?

Ni saa moja jioni, tarehe 29 Juni. Stima imepotea na hakuna anayejua itarudi saa ngapi. Mezani kuna kipakatalishi kimoja, kile ambacho wengi hukiita laptopu, na chaji iliyobaki ni asilimia 40. Mama wa nyumba hiyo hajawasilisha ritani yake ya ushuru kwa KRA, na makataa ni kesho yake saa sita usiku. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amebakisha video moja ya somo la Kemia. Baba naye ana mkutano wa video wa saa nzima na wanachama wenzake wa ushirika, utakaoanza saa mbili.

Chaji hiyo haiwatoshi wote watatu. Ikiisha kabla ya ritani kuwasilishwa, na stima isirudi kesho yake, mama yumo katika hatari ya kutozwa faini. Kwa mtu binafsi anayechelewa, faini hiyo ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Nani aanze?

Wengi wangesema video ingoje, kwa kuwa video ndiyo hunywa chaji. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya mashine na si kweli kwa nyingine, na kila mkazi anaweza kujua mashine yake iko upande gani bila kumlipa fundi.

Mtungi na mfereji

Nguvu inayohifadhiwa na betri ya kipakatalishi hupimwa kwa wati-saa. Kipimo hicho huandikwa kwenye betri yenyewe kwa herufi Wh, na kwa vipakatalishi vingi vya kawaida huwa kati ya 40 na 60. Hicho ni kama ujazo wa mtungi wa maji. Wati, kwa upande wake, ni kasi ya maji yanayotoka mferejini. Betri ya wati-saa 50 ikifanya kazi inayotumia wati 5, itadumu saa 10. Kazi ikiwa ya wati 25, betri hiyo hiyo itadumu saa 2.

Kwa kukadiria, kuandika barua au kujaza fomu, Wi-Fi ikiwa imezimwa na mwangaza wa skrini ukiwa wa wastani, hutumia kama wati 5 hadi 7. Kusoma kurasa za mtandao hupanda hadi wati 7 au 10, hasa kurasa zenye matangazo yanayocheza-cheza. Kutazama video mtandaoni huwa kati ya wati 8 na 12 kwenye mashine inayoiweza kazi hiyo, lakini kwenye mashine isiyoiweza hufika 15, wakati mwingine 25. Mkutano wa video hula wati 15 hadi 20. Michezo mikubwa ya kompyuta huvuka 30 bila shida. Mashine hutofautiana, na takwimu hizi ni za kumsaidia mtu kupanga tu.

Ndiyo maana maneno "hadi saa 12" yaliyoandikwa kwenye katoni ya kipakatalishi kipya humwacha mnunuzi akihisi amedanganywa. Mtengenezaji hupima kwa kazi aliyoichagua mwenyewe, skrini ikiwa imefifishwa, betri ikiwa mpya. Nyumbani hakuna hata moja kati ya hayo.

Mfano mmoja huwashangaza wengi. Apple ilipotoa MacBook Air yenye chipu ya M1 mwezi wa Novemba 2020, ilitangaza kuwa betri yake ya wati-saa 49.9 ingedumu hadi saa 15 mtu akivinjari intaneti, na hadi saa 18 akitazama filamu katika programu yake ya Apple TV. Yaani filamu ilikula chaji kidogo kuliko kurasa za intaneti. Hayo ni maneno ya muuzaji na yapokelewe kama maneno ya muuzaji, lakini sababu yake ni ya kweli.

Kinachotokea video inapocheza

Video haisafirishwi mtandaoni kama picha kamili zilizopangwa moja baada ya nyingine. Ingekuwa hivyo, bando lingeisha kabla ya wimbo mmoja kwisha. Hufinywa kwanza, kisha mashine ya mtazamaji huifinyua tena picha kwa picha. Video ya kawaida huwa na picha 30 kwa sekunde, ambazo ni picha 108,000 kwa saa. Kila picha ya ubora wa 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2 za rangi. Ubora wa 480p una nukta takriban 410,000, mara tano chini ya hapo.

Kazi hiyo ya kufinyua inaweza kufanywa na sehemu mbili tofauti za mashine. Ya kwanza ni kisehemu kidogo ndani ya chipu kilichoundwa kwa kazi hiyo pekee. Kwa kuwa hakijui kazi nyingine, huifanya kwa nguvu kidogo mno, huku sehemu nyingine za mashine zikisinzia. Ya pili ni kichakataji kikuu, ambacho kinaweza kufanya kila kitu lakini kwa gharama. Kikilazimika kufinyua video, hupata joto, feni huanza kuvuma, na chaji hushuka mbio.

Kurasa za mtandao hazina kisehemu chao maalum. Kila ukurasa unaofunguliwa humwamsha kichakataji kikuu, na kila tangazo linalojibadilisha humwamsha tena. Hilo ndilo jibu la fumbo la MacBook Air.

Juu ya kufinyua kuna skrini, na hapa ndipo kwenye matumizi makubwa ambayo watu husahau. Katika kazi nyepesi, skrini yaweza kula theluthi moja au hata nusu ya chaji yote. Anayeandika barua hupunguza mwangaza bila kuhisi. Anayetazama filamu, hasa mchana sebuleni, huupandisha hadi mwisho na kuuacha hapo saa mbili. Chaji inayolaumiwa kwa video mara nyingi imeliwa na mwangaza.

Intaneti yenyewe huchukua sehemu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kutazama moja kwa moja na kupakua kwanza. Video inapopakuliwa, Wi-Fi hufanya kazi kwa dakika chache kisha yaweza kuzimwa kabisa. Inapotazamwa moja kwa moja, Wi-Fi hubaki macho hadi mwisho. Faida ya kupakua mapema kwa kweli iko kwingine: mtu hupakua akiwa na stima, kwa intaneti ya maktaba au ya chuo, na jioni gizani hahitaji mtandao wala bando. Kwa filamu za ubora wa juu hilo si jambo dogo, maana Netflix yenyewe huwaeleza wateja wake kuwa saa moja ya HD yaweza kutumia hadi GB 3.

Vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo

Hapa ndipo wakazi wengi huumia bila kujua. Sehemu kubwa ya vipakatalishi vinavyouzwa kwa bei nafuu nchini, iwe Nairobi au kwenye maduka ya miji ya kaunti, vilitumiwa kwanza katika ofisi za ng'ambo. Ni mashine imara. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460 na Dell Latitude E7470 ni majina yanayojulikana kwa kila muuzaji, na kwa kuandika, kujaza fomu na kufanya hesabu bado zinafaa kabisa.

Shida ni kwamba mbinu za kufinya video zimebadilika tangu zitengenezwe. Mbinu ya zamani, H.264, iliidhinishwa mwaka wa 2003, na karibu kila kipakatalishi kina kisehemu cha kuifinyua. VP9, inayotumiwa sana na YouTube, ilikamilika mwaka wa 2013, na AV1 ikafuata mwaka wa 2018. Mbinu hizi mpya huokoa bando kwa kiasi kizuri, lakini mashine isiyo na kisehemu chao hulazimika kutumia kichakataji kikuu.

Kwa vichakataji vya Intel, kizazi husomwa kwenye jina. Core i5-6300U, ambayo hupatikana katika mashine nyingi za aina hizo tatu, ni ya kizazi cha 6, kwa kuwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6. Kizazi hicho huifinyua H.264 bila taabu, lakini VP9 hukielemea kwa sababu kina msaada wa nusu tu. Kuanzia kizazi cha 7, VP9 si tatizo. AV1 ilingoja hadi kizazi cha 11. Mtu anayenunua mashine hasa kwa ajili ya masomo ya video afadhali aongeze pesa kidogo apate kizazi cha 8 kuliko kununua cha 6 chenye diski kubwa zaidi.

Aliye na mashine tayari anaweza kuipima mwenyewe. Akiwa kwenye YouTube kupitia Chrome au kivinjari kingine, abofye video kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Stats for nerds". Kutatokea kisanduku chenye mstari wa "Codecs". Ukianza na avc1, hiyo ni H.264. Ukianza na vp09 ni VP9, na av01 ni AV1. Kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ili aone kichakataji kinafanya kazi kwa asilimia ngapi huku video ikicheza. Kikiwa chini ya asilimia 20, mashine inaiweza kazi hiyo. Kikiwa juu ya 60, kichakataji ndicho kinachofinyua. Asiyetaka kufungua visanduku asikilize feni: ikivuma dakika moja tu baada ya video kuanza, jibu ni hilo.

Dawa iliyo rahisi zaidi ni kushusha ubora hadi 480p. Kwenye skrini ya inchi 14, mwalimu na ubao wake bado wataonekana vizuri, na kazi ya kichakataji hupungua sana. Bando pia hupona.

Mkutano wa video ni mzigo wa kipekee

Mtu anapotazama filamu, mashine yake hupokea tu. Anapokuwa kwenye mkutano wa video, kamera inawaka, picha yake inafinywa na kutumwa, sauti inachujwa kelele, na wakati huo huo nyuso za wenzake wote zinafinyuliwa pamoja. Kufinya ni kazi nzito kuliko kufinyua. Ndiyo sababu mkutano wa saa moja waweza kumaliza chaji ambayo ingetosha filamu nzima.

Kuzima kamera yako hupunguza mzigo huo, na kuonyesha msemaji mmoja badala ya nyuso zote huupunguza zaidi. Anayeshiriki kikao cha maoni ya umma kwa njia ya mtandao, akitaka tu kusikiliza na kuchangia kwa maneno, hana haja ya kamera. Simu humfaa kuliko kipakatalishi.

Kuhusu simu, kuna kosa moja dogo la kuepukwa. Wengi hupata intaneti kwa kuunganisha simu na kipakatalishi kwa waya wa USB. Waya huo huo huichaji simu kutoka kwenye betri ya kipakatalishi. Stima ikiwa imepotea, simu yenye chaji ya kutosha ni bora itoe intaneti kwa Wi-Fi, waya ukae kando.

Asilimia 40 ya nini?

Hesabu zote zilizo juu huanguka ikiwa betri imechakaa. Betri za lithiamu-ayoni, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka wa 1991, hupoteza ujazo kidogo kidogo kila zinapochajiwa na kutumiwa, na joto huharakisha uchakavu huo. Kipakatalishi cha ofisi kilichotumika ng'ambo miaka minne au mitano chaweza kuwa kimepoteza theluthi ya ujazo wake au zaidi. Skrini bado itaandika asilimia 100, kwa kuwa asilimia hiyo ni ya mtungi uliopungua.

Kwenye Windows ukweli huo hupatikana kwa dakika moja. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itaunda ripoti inayoitwa battery-report na kuonyesha mahali ilipohifadhiwa. Ndani yake tafuta mistari miwili: "Design capacity" ni ujazo wa betri ilipokuwa mpya, na "Full charge capacity" ni ujazo wa leo. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 mWh na wa pili ni 30,000, basi betri imebaki na asilimia 60 ya uwezo wake. Kabla ya kulipia kipakatalishi kilichotumika, mnunuzi ana kila sababu ya kumwomba muuzaji aifungue ripoti hiyo hapo hapo dukani.

Tuseme betri ya familia ile ya tarehe 29 Juni ndiyo hiyo ya wati-saa 30. Asilimia 40 yake ni wati-saa 12. Baba akianza na mkutano wake kamera ikiwaka, kwa wati 18, mashine itazima baada ya dakika 40 hivi. Mkutano utakuwa haujaisha, na mama na binti hawatakuwa wamefanya chochote.

Mama akianza, kazi ya dakika 45 kwa wati 7 huchukua kama wati-saa 5. Kwa wanaotumia fomu ya Excel ya iTax, fomu hujazwa bila intaneti, na Wi-Fi huwashwa wakati wa kuipakia tu. Zinabaki wati-saa 7. Somo la Kemia la dakika 20 katika 480p, mwangaza ukiwa nusu, halitazidi wati-saa 4 hata kwenye mashine inayotaabika. Zilizobaki ni 3, na si vyema kuzifikia zote, kwa kuwa mashine nyingi hujizima zikiwa na asilimia chache. Baba aingie mkutanoni kwa simu. Video haikulazimika kungoja kesho. Ilishindwa na ritani kwa sababu ya makataa, na ikaushinda mkutano kwa sababu ya wati.

Kujiandaa kabla ya giza

Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa stima kwa ajili ya matengenezo, mara nyingi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wakazi wanashauriwa kufuatilia matangazo hayo na kuchaji usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuna ushauri maarufu wa kutovuka asilimia 80 ili betri idumu miaka mingi. Ni ushauri mzuri kwa mashine inayokaa kwenye stima kila siku, na vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vina mpangilio wa kuweka kikomo hicho. Lakini anayeishi mahali stima hupotea mara kwa mara asiogope kujaza hadi 100. Hata usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima bila onyo, aliyefaidika ni yule aliyekuwa amejaza.

Pawabenki ya mAh 20,000 huwa na takriban wati-saa 74. Baada ya kinachopotea njiani, inaweza kujaza betri ya wati-saa 50 mara moja. Sharti ni kwamba kipakatalishi kiwe na tundu la USB-C linalopokea chaji, na pawabenki iwe na uwezo wa kutoa nguvu hiyo. Mashine nyingi za kizazi cha 6 huchajiwa kwa pini ya zamani na hazitapokea. Vifaa vidogo vya sola vya kuwasha taa na kuchaji simu navyo kwa kawaida haviwezi kuendesha chaja ya kipakatalishi ya wati 65, kwa hivyo anayenunua sola kwa nia hiyo amwambie muuzaji wazi kabla ya kulipa.

Kipakatalishi kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala kisichajiwe juu ya kitanda au mto unaoziba matundu ya hewa. Kikianza kuinuka kibodi au kifuniko kukataa kufunga sawasawa, huenda betri imevimba. Kizimwe, kisichajiwe tena, na betri ibadilishwe na fundi anayejua kazi yake. Betri iliyovimba haitobolewi, haichomwi pamoja na takataka wala haitupwi kwenye shimo la taka nyumbani, kwa sababu hushika moto. Ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki, na kwa sasa iwekwe mahali pakavu, mbali na watoto na jiko.